Sahani ya Mgeni Ambaye Hajaja

Wiki jana mliniacha nyuma ya jiko, Inspekta ameinua kawa kwa mkono mmoja, mkono wa pili kiunoni, macho yote kwangu. Basi tuko pale pale. Yeye hajashusha kawa, na mimi sijajibu.

Kwa yule aliyenunua gazeti leo ili afungie nyama, nimpe habari kwa ufupi asipotee njia.

Mimi ni Nuh, mtoto wa Arbia wa hoteli ya chai, Garissa, karibu na soko la mbuzi. Nimelelewa kati ya birika na wateja. Nilikuwa najua nani kamwacha mkewe kabla mke mwenyewe hajajua. Ukubwani nikapata nafasi chuo cha hoteli Nairobi, na walimu wakanipenda, maana mambo waliyohangaika kuwafundisha wenzangu, kutabasamu, kukumbuka mgeni fulani hapendi sukari, kubeba glasi bila kuzitazama, mimi nilikuja nayo kutoka kwa mama.

Wakati wa mazoezi ya kazi ulipofika, wenzangu walipelekwa Mombasa, Malindi, Nakuru. Mimi nikarudishwa kwetu. Ilikuwa mwaka wa sitini na sita, vita vya shifta, waasi waliokuwa wakipigana na serikali, vimepamba moto, na barabara haipitiki ila kwa msafara wa magari yenye askari mbele na nyuma. Mwalimu alisema eti lugha ya huko naijua. Nikaenda nacheka.

Nilikwenda na mwenzangu wa darasa, Kimeu, ambaye njia nzima kuanzia Mwingi alikuwa akijifuta machozi akisingizia vumbi. Kimeu hakuitaka kazi ya hoteli, alisukumwa na baba yake. Tukapokewa na Mzee Mwakio, Mtaita mmoja mnene wa sauti ndogo, aliyepikia watu kwenye gari moshi ujana wake wote. Yeye ndiye aliyekuwa mkuu wa ile hoteli ya maofisa na wakandarasi, na ndiye aliyekuwa mpishi wake.

Mzee Mwakio alinipenda. Aliniahidi kwamba mazoezi yakiisha atapeleka neno zuri chuoni, na kwamba yeye mwenyewe anahamia hoteli kubwa Mombasa, atanichukua niwe msaidizi wake. Hilo ndilo nililolitaka katika dunia hii, hilo na si lingine. Nilishaanza hata kutembea kama mtu wa Mombasa.

Sasa sahani. Kwetu chakula hakiguswi kabla fungu la mgeni halijawekwa kando. Si mgeni uliyemwalika, ni yule ambaye huenda akatokea. Asipotokea, atakula yeyote apitaye, awe mchungaji, awe mwenye mkokoteni wa punda, awe mwanafunzi wa chuo cha Kurani. Na hakuna wa kumuuliza jina wala atokako mpaka ashibe. Kumuuliza kabla ni kumwambia kwamba chakula chako kina masharti.

Hotelini nikafanya vile vile bila hata kufikiri. Kila adhuhuri, chakula cha wafanyakazi kikipakuliwa, napakua sahani moja zaidi, naifunika kawa, naiweka kwenye benchi nje ya mlango wa nyuma. Mzee Mwakio aliiona akadhani ni akiba yangu ya jioni. Hakuna aliyenikataza.

Lakini Garissa ya wakati ule, chakula kilichofunikwa kando ya mlango wa nyuma kilikuwa na maana moja tu kwa mtu mwenye bunduki: kuna shifta analishwa.

Kichekesho ni kwamba Inspekta hakuja kunipeleleza. Alikuja jikoni kumsifu aliyepika mchuzi wa mbuzi. Aliyeupika ni mimi.

“Nimekuuliza, hiki cha nani?”

“Cha mgeni, afande.”

“Mgeni gani?”

“Hajaja.”

“Anakuja saa ngapi?”

“Sijui, afande. Huenda asije kabisa.”

Mnaona wenyewe. Kila neno lilikuwa la kweli, na kila neno lilinichimbia shimo zaidi. Ningesema uwongo mmoja wa maana, hata ule wa akiba ya jioni, leo ningekuwa naandika mambo mengine.

Akaniuliza kama jana pia niliweka. Nikasema ndiyo. Akauliza jana alikula nani. Nikasema sikuona, nilikuta sahani imesafishwa na kawa limerudishwa juu yake kwa adabu. Akauliza unampaje mtu chakula nawe hujui jina lake. Nikamweleza kwamba ukimuuliza mtu jina kabla hajala umemtukana.

“Na akishakula?”

“Akishakula huwa ameondoka, afande.”

Askari aliyekuwa nyuma yake akacheka puani. Inspekta hakucheka. Alikuwa mtu mpole yule, msimwone vingine. Alikuwa akinisalimia kwa jina na kuniulizia hali ya mama. Alinitazama kama daktari anayemtazama mgonjwa aliyemzoea.

Hapo Mzee Mwakio akaingia kati, na mpaka leo nikikumbuka nataka kucheka nashindwa. Alifuta mikono kwenye aproni, akakohoa, akasema ile sahani alikuwa akiila yeye. Kwamba ana njaa ya ajabu, ni ugonjwa wa ukoo wao, na anaona haya kula mara mbili mbele ya vijana. Tumbo lake likamsaidia kutoa ushahidi, maana lilikuwa pale mbele ya watu wote.

Inspekta karibu akubali. Nakwambieni, karibu kabisa.

Kisha akamgeukia Kimeu, aliyekuwa anakanda unga pembeni, mikono myeupe hadi viwikoni, akamuuliza kwa upole kama ni kweli. Na Kimeu, mtu ambaye hata vyombo vikigongana alikuwa anaruka, akasema kweli yote. Kwamba siye Mzee. Kwamba anayekula huja baada ya sala ya adhuhuri, wakati sisi tupo ukumbini tukihudumia. Kwamba aliwahi kuona mgongo wa mtu na fimbo.

Sikumchukia. Aliulizwa na serikali, akajibu. Wengi wetu tungefanya hivyo, wengine tungefanya na chumvi juu.

Inspekta akashusha kawa taratibu, akalinyoosha likae sawa. Akasema vizuri, tutamngoja mgeni.

Askari wakajificha ghalani kati ya magunia ya vitunguu. Inspekta akasimama nyuma ya pazia la mlango. Mimi nikaambiwa niendelee na kazi zangu za jikoni kama siku zote, na nisiende mbali na mlango.

Nilijaribu jambo moja. Nilipopita kando ya benchi na ndoo nikalisukuma kawa kwa kiwiko, likaanguka, nzi wakashuka kwenye wali. Mtu wetu akikuta chakula kiko wazi na nzi juu yake atajua hakikuwekewa mtu, ni makombo, atapita. Inspekta akasema kutoka nyuma ya pazia, bila kupandisha sauti, “Funika, Nuh. Funika kama kawaida.”

Nikafunika.

Nikaanza kuomba asije mtu. Nilipitisha akilini watu wote wa Garissa ninaowajua, na ninawajua wote, nikamwombea kila mmoja apatwe na udhuru. Fulani aumwe jino, fulani agombane na mkewe. Mwadhini akaadhini, watu wakaswali, nikasikia viatu vikiburuzwa kutoka msikitini. Na mimi, ambaye maisha yangu yote nafurahia kusikia miguu ikija, nilitamani mji mzima uwe hauna watu.

Kisha nikamwona kupitia dirisha la moshi.

Alikuja kama mtu anayepita tu. Shati jeupe limefuliwa likafuliwa mpaka limekuwa jepesi kama karatasi, fimbo begani, kichwa kimegeukia upande wa pili kama mwenye miadi mahali pengine. Akafika kwenye benchi, akatazama njia huku na huku, akakaa akaipa njia mgongo.

Alikuwa Yarow. Abti wangu, yaani mjomba, ndugu wa mama wa tumbo moja.

Mnisikilize hapa vizuri. Yarow alikuwa mtu ambaye akichinja ngamia mitaa mitatu hailali na njaa. Lori lilipovamiwa na shifta karibu na malisho yake, mifugo yote ya upande ule ilikusanywa na askari kuwa adhabu, ikaswagwa ikaondoka, yake na ya wengine, na yeye akaingia mjini na fimbo ile. Kila akija kwa mama alikataa kula. Anagusa tumbo anasema ametoka kwa rafiki yake fulani, amekalishwa, amelazimishwa, hawezi hata kumeza mate. Tulimwamini. Mama alikuwa hata akinung’unika kwamba kaka yake siku hizi anapenda chakula cha watu kuliko cha dadake.

Kumbe rafiki mwenyewe alikuwa ni ile sahani yangu. Na ile desturi ya kutomuuliza mtu ndiyo iliyokuwa ikimsitiri. Alikuwa anakula kwa mpwawe na mpwa hajui.

Akainua kawa, akataja jina la Mungu, akatia tonge la kwanza kinywani. Hapo ndipo wakatoka.

Bunduki tatu kwa mzee mmoja na sahani ya wali. Yarow hakuruka. Alimeza kwanza. Kisha akasema kwa Kiswahili chake cha mnadani, “Mimi mgeni. Chakula nakuta, nakula.”

Inspekta akaniita nje. Akanisimamisha mbele yake. Akamuuliza Yarow kama ananijua.

Mjomba wangu, aliyenishika siku nilipotahiriwa, akanitazama kuanzia viatu hadi kofia ya jikoni, kama unavyotazama mbuzi usiyekusudia kumnunua.

“Simjui. Huyu kijana kwao wapi?”

Inspekta akanigeukia. Na wewe, unamjua?

Nikisema namjua, ni jamaa yangu ninayemlisha kwa siri mlango wa nyuma wa hoteli ya maofisa, na yeye ni mtu aliyenyang’anywa mifugo, mwenye sababu zote za kwenda msituni. Nikisema simjui, nimemkana ndugu wa mama yangu mbele yake, na tonge lake bado liko mkononi.

“Ni mgeni, afande,” nikasema.

Yarow akatikisa kichwa kidogo, kama mwalimu aliyepewa jibu alilolitaka. Akamwomba Inspekta ruhusa amalize kula, kwa kuwa chakula kilichoanzwa kikiachwa ni dhambi. Na Inspekta, sijui kwa nini, akamruhusu.

Akala. Hakuharakisha. Alikusanya wali kwa vidole vitatu, akaufinyanga, akautia kinywani, akautafuna. Askari wamesimama, jua limesimama, Mzee Mwakio ameshika mwiko mlangoni hata hajui ameushika. Alipomaliza nikaenda na birika kumnawisha. Akainua mikono akaomba dua kwa Kisomali, ile dua ya kuwaombea baraka waliokulisha, na katikati ya dua akachomeka maneno yake kwa sauti ile ile: dada yangu asijue nilikuwa nakula hapa.

Nikaitikia amin. Na askari mmoja, Mwislamu wa bara, naye akaitikia amin.

Wakamchukua.

Mama sikumwambia. Nilirudi jikoni nikasugua sufuria mpaka zikang’aa.

Alasiri hiyo Mzee Mwakio aliniketisha juu ya kreti ya soda. Hakunigombeza, afadhali angenigombeza. Alisema amefanya kazi na vijana wengi na hajaona mwenye mkono wa hoteli kama wangu. Kisha akasema neno zuri alilokusudia kulipeleka chuoni hataweza kulipeleka, na Mombasa hataweza kwenda na mimi. Atakwenda na Kimeu.

Nikadhani sikusikia. Kimeu ambaye mayai yanamshinda?

“Kimeu mkono hana,” akasema. “Ana woga, na mwenye woga anafundishika. Wewe, mwanangu, siwezi kumweka jikoni mtu anayelisha watu asiowajua.”

“Lakini Mzee, si ndiyo hoteli hiyo?”

“Hapana. Hoteli huuliza jina mlangoni. Ndiyo tofauti ya hoteli na kwa mama yako.”

Nikakumbuka somo letu la kwanza chuoni. Si kupika, si kupanga meza. Lilikuwa jinsi ya kumpokea mgeni: kwanza jina, kisha atokako, kisha ndipo ufunguo. Nilikuwa nimefaulu somo lile kwa alama za juu bila hata kujua limesema nini. Muda wote ule nilidhani nimekwenda kusomea kazi ya mama. Pale juu ya kreti ya soda ndipo nilipojua nimesomea kazi nyingine kabisa, na mapenzi yote niliyokuwa nayo kwa kazi ile yakanitoka kama maji kwenye debe lililotoboka. Hata ningepewa Mombasa yote jioni ile ningeikataa. Ila hakuna aliyenipa.

Kimeu alikuja kunitafuta nyuma ya ghala. Alinukia mkate. Mzee alikuwa amemfundisha kuoka, na mkate ulikuwa umemkubali, ukawa unaumuka kwake kuliko kwa mtu mwingine yeyote. Akaniomba radhi, akasema yeye alisema tu alichokiona. Nikamwambia najua. Kisha akaniambia jambo ambalo nadhani lilikuwa likimwasha, kwamba ameamua kuendelea na kazi hii ya hoteli, anaipenda sasa.

“Nilikuja naichukia,” akasema. “Wewe ulikuja...”

Hakumaliza. Nikamwambia akaangalie mkate wake usiungue.

Siku ya pili asubuhi Inspekta alikuja ukumbini peke yake, akakaa meza ya dirishani, akaagiza chai. Nilipoileta akaniambia nikae. Mhudumu hakai meza moja na mgeni, hilo nalo tulifundishwa. Nikakaa.

“Yule ni mjomba wako,” akasema. “Nilimjua kabla hajakaa kwenye benchi. Mji huu mdogo, Nuh.”

Kwa hiyo lile swali lote la unamjua humjui lilikuwa la kunionja tu. Akasema hana neno na mzee, mzee ana njaa na njaa haina kosa. Shida yake yeye ni nyingine. Watu wa Garissa hawaongei na serikali. Lakini wanaongea. Wanaongea wapi? Penye chai. Na hoteli ya mama yako, akasema, si imefungwa tangu amri ya kukataza mikusanyiko? Je, ikifunguliwa? Yeye ataleta sukari, ataleta majani, ruhusa atatoa yeye. Mimi nitakuwa mwenyewe, mkubwa wa hoteli yangu, si msaidizi wa mtu. Na kwa kuwa napenda sana watu, kazi yangu itakuwa kuwakaribisha wote, kuwauliza majina na watokako, na kumpa habari yeye mara kwa mara. Basi. Mjomba atarudi nyumbani.

Alisema kwa upole ule ule. Akanywa chai yake, akaisifu.

Wasomaji wangu, mtu mmoja aniambie lini aliwahi kupewa ndoto yake imeoza namna hii. Hoteli yangu. Mlango wazi, madumu ya maziwa, watu wamejaa hadi barazani, porojo zinaruka kutoka meza hii kwenda ile. Na mimi katikati na trei, nawauza mmoja mmoja.

Sikusema ndiyo. Naomba hilo mlishike, maana hakuna mwingine atakayewaambia. Sikusema hapana pia. Nilisema anipe nafasi nifikiri. Akasema bila shaka, fikiri mpaka Ijumaa baada ya sala.

Nikaomba ruhusa kwa Mzee Mwakio, nikavua aproni, nikaenda nyumbani nikamwambie mama kila kitu. Mjomba alitaka asijue, lakini niliona jambo hili limenizidi kimo.

Nilipokaribia soko la mbuzi nikasikia kitu ambacho sikuwa nimekisikia tangu nirudi Garissa. Vicheko. Glasi. Sauti ya mama ikimtania mtu kwamba meno yake yamepungua lakini sukari bado anaitaka nyingi.

Mlango wa hoteli yetu ulikuwa wazi. Ndani watu wamejaa, barazani wamejaa, wengine wamekalia madebe. Nikamkuta Hawo, jirani yetu, msambaza habari za mji mzima, amesimama nje na glasi yake. Nikamuuliza kuna nini. Akanieleza huku ananitazama kwa namna ambayo sikuielewa, kwamba Landrova ya polisi ilisimama pale asubuhi, mbele ya soko zima, askari wakashusha gunia la sukari na sanduku la majani ya chai, wakamwambia mama yako afungue, mwanawe amefanya kazi nzuri.

Asubuhi. Yaani wakati ule ule nilipokuwa nimekaa na Inspekta pale dirishani, naomba muda wa kufikiri.

Nikaingia. Na wale waliokuwa karibu na mlango wakanyamaza. Kisha waliofuata. Ukimya ukatembea meza kwa meza mpaka ukafika nyuma kabisa, kwenye jiko. Mimi Nuh, ambaye nikiingia mahali watu husogea kunipisha nikae katikati wapate habari, niliingia na habari zikafa. Mtu mmoja akaweka glasi yake chini ikiwa nusu, akatoka akinipita bila salamu. Salamu kwetu hupewa hata adui.

Mama alikuwa hajaona. Alikuwa na furaha, uso umempungua miaka. Aliniita hooyo, hooyo, yaani mama, kwa jina lile lile analoitwa yeye, kama mama zetu wanavyowaita watoto wao, akaniambia njoo uone nani amerudishwa.

Yarow alikuwa amekaa nyuma, karibu na jiko. Wamemwachia. Sijasema ndiyo na wameshamwachia. Shati lake lilikuwa limechanika begani na jicho moja limevimba. Mbele yake mama alikuwa ameweka nyama na wali, sahani imejaa mpaka ukingoni, na mvuke unapanda. Hakuigusa. Mikono yake ilikuwa magotini.

Nikampa salamu. Hakuitikia. Alinitazama tu, na safari hii alinitazama kama anayenijua.

“Abti,” akasema, maana kwetu mjomba naye humwita mpwawe hivyo, kwa sauti ya kutosha nyumba nzima. “Mimi sijala bado. Leo ni mimi nitakayeuliza kabla ya kula.”

Mama akasema kwa kicheko, mwacheni mtoto avue viatu kwanza. Hakuna aliyecheka naye.

“Wale watu hawamtoi mtu bure,” Yarow akasema. “Umempeleka nani ndani ili mimi nitoke?”

Hakuna. Hilo ndilo lilikuwa jibu, na lilikuwa la kweli kama yale yote niliyomjibu Inspekta. Nikazitazama zile nyuso nikitafuta hata mmoja ambaye angeliamini, nikaanzia mlangoni nikaja hadi jikoni. Mama alikuwa ameacha kumimina chai, birika limening’inia mkononi, kicheko kimemtoka usoni, anangoja jibu langu pamoja nao.